Milimita 2.6: namna ya kusoma majibu ya melanoma

Karatasi iliingia kwenye kundi la WhatsApp la ukoo saa mbili usiku. Ilikuwa imepigwa picha juu ya kitambaa cha meza cha plastiki, kona moja imefunikwa na kivuli cha simu. Yalikuwa majibu ya maabara ya shangazi. Baka jeusi lililokuwa chini ya kisigino chake lilikatwa kipande, kipande kikapelekwa kupimwa, na sasa jina limepatikana: melanoma. Chini ya jina kulikuwa na mistari sita ya Kiingereza na namba. Binamu yangu mmoja akaona 2.6 mm akashusha pumzi: "Alhamdulillahi, milimita mbili na nusu tu, kama punje ya mtama." Mwingine akamkatiza kwamba baka lenyewe amelipima kwa rula na lina sentimita tatu, kwa hiyo maabara wamekosea. Hadi saa nne kundi lilikuwa na kambi mbili, na zote mbili zilikuwa zimepotea njia.

Niliwahi kufanya kazi kwenye maabara ya patholojia, inayochunguza vipande vya mwili, upande wa kuandaa vipande, siyo upande wa kuvisoma. Si daktari. Ila nimeshika vipande vya kutosha kujua kwamba karatasi kama ile ina mpangilio wake, na kwamba namba iliyozua ubishi ndiyo yenye uzito kuliko zote pale. Haipimi upana. Inapima kina.

Tuanze na jina. Ndani ya ngozi kuna seli zinazotengeneza rangi, zinaitwa melanosaiti. Kila mtu anazo, mweusi kwa mweupe, na idadi yake inakaribiana. Kinachotofautiana ni wingi na aina ya rangi zinayotengeneza. Melanoma ni saratani inayoanzia kwenye seli hizo. Saratani nyingine za ngozi huanzia kwenye seli tofauti na zina tabia zake, na hapo ndipo wengi wetu tunapochanganya mambo. Tukisikia "kansa ya ngozi" akili inakwenda moja kwa moja kwa ndugu zetu wenye ualbino, na jua. Kweli wanaumia sana, lakini kinachowasumbua zaidi katika Afrika Mashariki ni saratani ya seli bapa, ile inayoota usoni, masikioni na shingoni. Melanoma kwao ni nadra. Kofia pana na yale mafuta ya kujikinga na jua yanayotengenezwa Moshi kwa ajili yao ni silaha ya vita vingine.

Melanoma ya Mwafrika mweusi huota zaidi unyayoni, kiganjani na chini ya kucha, mahali ambapo jua halina habari. Madaktari waliokuwa wakifanya kazi Uganda waliandika juu ya uvimbe huu wa nyayo tangu miaka ya 1960. Kwa hiyo mtu akikwambia mweusi hapati melanoma, amekosea mara mbili: anapata, na anaipata pale ambapo si yeye wala daktari wake anapoangalia.

Sasa turudi kwenye kina. Fikiria ukuta wa nyumba. Nje kuna lipu, ndani kuna tofali, na kwenye tofali fundi amepitisha mabomba ya maji. Tabaka la juu la ngozi ni lipu: halina mshipa wa damu hata mmoja. Chini yake ndiko kuna mishipa ya damu na ya limfu, mabomba yanayofika kila pembe ya mwili. Melanoma iliyobaki ndani ya lipu haina njia ya kusafiri. Inaweza kutambaa mpaka ikawa pana kama kiganja, na bado ikakatwa ikaisha. Ikishatoboa kuingia kwenye tofali, kila sehemu ya milimita inayoongezeka inaisogeza kwenye mabomba mengi zaidi na mapana zaidi. Ndiyo maana rula ya binamu haikusaidia kitu. Alipima lipu.

Aliyeliweka jambo hili kwenye namba ni Alexander Breslow, mpatholojia wa Washington, Marekani. Mwaka 1970 alichapisha uchunguzi wa wagonjwa 98. Hakuna aliyekuwa na uvimbe ambao kina chake kilikuwa chini ya milimita 0.76 ambaye ugonjwa ulimrudia au ulisambaa. Zaidi ya hapo, kadiri unene ulivyopanda ndivyo vifo vilivyopanda. Kipimo kikachukua jina lake, na zaidi ya miaka 50 baadaye bado ndicho kinachotangulia kwenye kila ripoti ya melanoma.

Jinsi namba hiyo inavyopatikana ni kazi ya mikono, na ningependa watu waijue. Kipande kinakaa kwenye fomalini, dawa ya kukihifadhi kisioze, kisha kinakaushwa maji na kuzamishwa kwenye nta iliyoyeyuka hadi nta iingie kila tundu. Ikiganda unapata kibonge kama kipande kidogo cha sabuni. Unakifunga kwenye mashine ya kukatia, unazungusha mkono taratibu, na utepe unatoka mwembamba wa mikroni 4 hivi, na mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita. Karatasi ya kawaida ni nene mara 25 ya hapo. Ukipumua vibaya, utepe unaruka. Unaulaza juu ya maji ya vuguvugu, unauopoa kwa kioo, unautia rangi ya zambarau na ya waridi. Hapo mpatholojia anakiweka kioo chini ya hadubini yenye rula ndogo iliyochorwa ndani ya lenzi. Anaanzia sehemu ya juu ya ngozi iliyo hai, anashuka wima mpaka kwenye seli ya saratani iliyozama kuliko zote. Umbali huo, kwa shangazi, ni milimita 2.6.

Kutokana na hapo utaelewa kwa nini kipande kilichokwanguliwa juujuu ni hasara. Kama kisu hakikufika chini ya uvimbe, mpatholojia hana namna ya kujua ulikoishia. Ataandika "angalau milimita kadhaa", na hilo neno "angalau" linaweza kuficha mengi. Kwa baka linalotiliwa shaka, inavyowezekana hukatwa lote na ngozi kidogo pembeni. Likiwa kubwa mno, kama lile la kisigino, hukatwa kipande kirefu kwenda chini mahali palipoonekana pabaya zaidi.

Madaraja ya kina si magumu kukumbuka: hadi milimita 1, kuanzia 1 hadi 2, kuanzia 2 hadi 4, na zaidi ya 4. Ndani ya daraja la kwanza wanatenganisha pia walio chini ya 0.8, kwa kuwa hao wana nafuu kubwa zaidi. Shangazi yuko daraja la tatu. Milimita 2.6 si kitu ukiwa fundi seremala. Kwa melanoma ni nyingi.

Mstari wa pili kwenye karatasi ulisema Clark, na namba ya Kirumi IV. Wallace Clark alikuwa mpatholojia mwingine wa Marekani, aliyetangulia kidogo, mwaka 1969. Yeye hakupima milimita. Aliangalia saratani imefika tabaka gani la ngozi, kuanzia I hadi V. Wazo zuri, lakini ngozi ya kope si ngozi ya kisigino. Tabaka lilelile lipo karibu sana mahali pamoja na mbali sana mahali pengine, na wapatholojia wawili wakiangalia kioo kimoja walikuwa hawakubaliani mara nyingi mno. Mfumo wa kimataifa wa kupanga steji haumtumii tena Clark. Maabara nyingi bado zinaandika kwa mazoea. Ukiiona IV usidhani ni steji ya nne. Kwenye kundi letu kuna mtu alidhani hivyo, na mama mdogo akaanza kulia.

Mstari wa tatu: kidonda kipo. Hili linahitaji utulivu. Kidonda hapa maana yake si mchubuko. Maana yake ni kwamba chini ya hadubini lipu yote iliyokuwa inafunika uvimbe imetoweka. Saratani yenyewe imeila kutoka chini. Shangazi alikuwa akikwangua kile kisigino kwa wembe kwa miezi, akidhani ni sugu, na zahanati moja ilimpa dawa ya kuchoma chunjua. Kwa hiyo swali la familia lilikuwa la haki: je, kidonda hicho si cha wembe? Mpatholojia ana njia za kutofautisha, kwa kuangalia namna kingo zilivyo na kama mwili ulishaanza kuitikia pale, na karatasi yake ikasema kidonda ni cha ugonjwa. Uvimbe unaokula ngozi inayoufunika ni uvimbe wenye kasi, na kidonda humpandisha mgonjwa ngazi moja. Mwenye milimita 1.5 na kidonda anawekwa kundi moja na mwenye milimita 3 asiye na kidonda.

Mstari wa nne ulihesabu seli zinazogawanyika: 5 kwa kila milimita ya mraba. Kioo ni kama picha ya mnato. Unahesabu seli ngapi zilikutwa zikijigawa wakati kipande kilipotumbukia kwenye fomalini. Sufuri ni habari njema, na zikizidi ni dalili ya mwendo kasi. Namba hii iliwahi kutumika kupanga steji za uvimbe mwembamba, ikaondolewa kwenye toleo la nane la mfumo huo, lililoanza kutumika 2018, lakini bado inaandikwa na daktari makini bado anaisoma.

Yaliyobaki nitayapitia haraka. Kama seli zimeonekana ndani ya mshipa, ni vibaya. Kama kuna visiwa vidogo vya saratani vimejitenga na uvimbe mkuu, ni vibaya zaidi, kwa sababu safari imeshaanza. Kama seli za kinga zimejaa ndani ya uvimbe kwa wingi, ni vizuri: walinzi wameshaona mwizi. Rangi haimo kabisa kwenye hesabu. Baka jeusi tii si baya kuliko la kahawia, na zipo melanoma zisizo na rangi, nyekundu au za waridi, zinazochukuliwa kuwa nyama iliyoota tu.

Karibu kila mtu kundini aliuliza swali moja: "Yuko steji ya ngapi?" Karatasi ile peke yake haiwezi kujibu. Inajibu nusu. Nusu nyingine iko kinenani.

Ukiwa na kidonda cha mguu, unajua zile tezi zinazovimba kwenye kinena, mitoki. Hizo ni tezi za limfu, na ndizo kituo cha kwanza cha maji yanayotoka mguuni. Melanoma ya unyayo ikipanda kwenye mishipa ya limfu, mara nyingi hushukia hapo kwanza. Zamani madaktari walisubiri tezi zivimbe, au walizitoa zote kwa tahadhari. Mwaka 1992 Donald Morton na wenzake huko Marekani walichapisha njia yenye akili zaidi: wanadunga rangi ya buluu karibu na kilipokuwa uvimbe, wanaifuata mpaka tezi ya kwanza inayoipokea, wanaitoa hiyo tu na kuipima. Ikiwa safi, kuna uwezekano mkubwa zilizo nyuma yake ni safi pia. Ni sawa na kumkagua kondakta wa stendi ya kwanza badala ya kusimamisha mabasi yote barabarani.

Je, ikikutwa na saratani, kutoa tezi zote kunaokoa maisha? Jibu lilikuja 2017, kutoka jaribio la wagonjwa zaidi ya 1,900. Baada ya miaka mitatu, waliotolewa tezi zote na waliofuatiliwa kwa ultrasaundi bila kutolewa zilizobaki walikuwa sawa: asilimia 86 kila upande hawakuwa wamekufa kwa melanoma. Tofauti ilikuwa kwenye uvimbe wa miguu na mikono: asilimia 24 kwa waliotolewa zote, asilimia 6 kwa wengine. Hilo ni jambo ambalo ndugu wa mgonjwa wanapaswa kulijua kabla ya kumlaumu daktari kwamba "hakusafisha vizuri".

Na sasa asilimia zinazotafutwa usiku kwa Google. Zinatokana na rekodi za wagonjwa zaidi ya 46,000 wa vituo kumi, ambao ugonjwa wao ulikuwa bado haujafika viungo vya mbali. Zinasema hivi: katika watu 100 wenye kina na kidonda kama cha shangazi, tezi zikiwa safi, 87 hawatakuwa wamekufa kwa melanoma miaka mitano baadaye. Tezi zikiwa na ugonjwa, kundi lake linashuka hadi 69. Hivyo bila kupima kinena, mtu anayetamka asilimia yoyote kwa uhakika anabahatisha.

Kuna kitu kwenye majedwali hayo kinachoshangaza hata wahudumu wa afya. Steji ya tatu si lazima iwe mbaya kuliko ya pili. Mwenye uvimbe mwembamba ambaye tezi yake imekutwa na chembe chache yuko steji IIIA, kundi la kwanza la steji ya tatu, na miaka mitano baadaye 93 kati ya 100 hawajafa kwa ugonjwa huo. Mwenye uvimbe uliozidi milimita 4 wenye kidonda, tezi zake zikiwa safi kabisa, yuko steji IIC, kundi la mwisho la steji ya pili, na ni 82. Namba ya steji inasema ugonjwa umefika wapi. Kina na kidonda vinasema ni ugonjwa wa tabia gani, na tabia inaweza kuushinda umbali.

Tahadhari moja. Rekodi hizo zimejaa watu weupe, na melanoma ya unyayo ni sehemu ndogo sana humo. Takwimu za Marekani za kati ya 1986 na 2005 zilionyesha melanoma ya nyayo, viganja na kucha ikiacha hai asilimia 80 baada ya miaka mitano, dhidi ya 91 kwa melanoma za ngozi kwa jumla. Sehemu kubwa ya pengo hilo ni kuchelewa: inagunduliwa ikiwa imeshazama. Siyo yote lakini. Mabadiliko ya jeni ndani yake ni tofauti, kwa mfano lile la BRAF, ambalo liko kwenye karibu nusu ya melanoma za ngozi ya weupe, ni haba kwenye nyayo, na kwa hiyo vidonge vinavyolilenga huwasaidia wachache wetu.

Mama mdogo alipotulia alikuja na lake: kansa haiguswi kwa chuma, ukiikata inatapakaa. Nimelisikia tangu utotoni na najua linatoka wapi. Watu walipelekwa hospitali wakiwa wamechelewa, wakakatwa, wakafa baada ya miezi, na kisu kikabeba lawama. Lakini waliokatwa kipande cha uchunguzi kabla ya upasuaji mkuu hawajaonekana kufa zaidi kwa sababu ya kipande hicho. Kinachofuata kwa shangazi ni kukatwa tena, safari hii kwa ukingo wa sentimita 2 kuzunguka pale, kipimo kinachotumika uvimbe ukizidi milimita 2. Kwa uvimbe wa hadi milimita 1 ingekuwa sentimita 1. Unaona kina kinavyoamua mpaka ukubwa wa kovu.

Mjomba naye akamleta Bob Marley, akisema aliumizwa na mpira ukageuka kansa. Ni kweli kwamba kidonda cha kidole gumba cha mguu kilidhaniwa kuwa jeraha la mpira, na ni kweli kwamba 1977 kilitambuliwa kuwa melanoma, chini ya kucha. Alikataa kidole kikatwe; kucha na nyama ya chini yake ndivyo vilivyoondolewa. Alifariki Miami tarehe 11 Mei 1981 akiwa na miaka 36, saratani ikiwa imefika mapafuni na kwenye ubongo. Teke halikuizaa ile melanoma. Teke lilitoa maelezo ya haraka kwa doa ambalo vinginevyo lingetiliwa shaka, kama vile kukanyaga mwiba na sugu za kisigino zinavyotoa maelezo kwetu. Damu iliyovilia chini ya kucha husogea na kucha inavyokua, na hatimaye huisha. Mstari mweusi unaobaki palepale, unaopanuka au kumwagikia ngozi ya pembeni, ndio wa kupeleka hospitali.

Enzi za Marley dawa za kupambana na melanoma iliyokwisha kusambaa zilikuwa karibu hakuna. Dawa zinazofungua breki za kinga ya mwili, ambazo kazi iliyozizaa iliwapa James Allison na Tasuku Honjo tuzo ya Nobel mwaka 2018, zimebadili hilo. Kwenye jaribio moja la dawa mbili kati ya hizo zikitolewa pamoja, asilimia 43 ya wagonjwa walikuwa hai baada ya miaka kumi, watu ambao zamani wengi wao wangezikwa ndani ya mwaka. Bei yake bado ni mlima.

Shangazi mwenyewe alikuwa kimya kundini muda wote. Saa tano kasoro alituma sauti, sekunde ishirini hivi, na nyuma yake unasikia mtu anasugua sufuria. Alikuwa na swali moja tu kwangu: hiyo 2.6 wamehesabu pamoja na magaga?

Nikamjibu hapana. Ile ngozi ngumu iliyokufa ya kisigino hairuhusiwi kwenye kipimo. Rula inaanzia chini yake. Ni 2.6 ya nyama hai.

"Haya," akasema. "Kinena lini?"